Klimatizeri inatoa hewa ya nyuzi 19: gesi imeisha, au ni mvua tu?

Lubumbashi lawama ni zile zile kila mwaka. Mwezi wa kumi, jua likichoma na vumbi jekundu likiwa kila mahali, klimatizeri (kiyoyozi) inapuliza hewa ya kugandisha mikono na hakuna anayelalamika. Mvua zikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, nje ni nyuzi 27 tu, lakini ukiweka mkono kwenye mdomo wa hewa unasikia ubaridi wa uvivu, kama wa frigo iliyoachwa wazi. Fundi anaitwa, anagusa mrija, anasema gesi imeisha. Anaongeza, analipwa, anaondoka. Mvua za mwaka unaofuata anaitwa tena.

Gesi ya klimatizeri hailiwi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa, na mashine nzima inaweza kumaliza miaka 10 na gesi yake ya kwanza. Ikipungua, pana tundu. Kwa hiyo fundi anayeongeza gesi bila kutafuta inakotokea ameahirisha kazi, hajatengeneza. Na mara nyingi katika msimu wa mvua hakuna kilichopungua: hewa yenyewe ndiyo imebadilika, na namba uliyozoea Oktoba haifai Februari.

Maji yaliyo hewani yanakula baridi

Hewa ya Oktoba yenye nyuzi 33 na unyevu wa asilimia 30 imebeba karibu gramu 11 za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya siku ya mvua, nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 80, imebeba karibu gramu 19 au 20. Siku inayoonekana ya baridi zaidi ndiyo yenye maji karibu mara mbili.

Maji hayo yakigusa radiata ya ndani (mirija baridi yenye mapezi) yanageuka matone, na kugeuka huko kunataka kazi. Kukausha lita moja ya maji kutoka hewani kunakula karibu kilowati-saa 0.68 ya nguvu ya kupoza. Klimatizeri ya BTU 12,000 ina nguvu ya kupoza ya kilowati 3.5. Weka bidoni chini ya mrija wa maji kwa saa moja kamili. Ukikuta lita moja na nusu, ambacho ni kitu cha kawaida wakati wa mvua, basi kilowati moja nzima kati ya zile tatu na nusu imekwenda kukausha hewa. Zilizobaki ndizo zinazoshusha nyuzi. Oktoba bidoni hilo hilo linaweza kubaki na maji ya kikombe, na nguvu karibu yote inakwenda kwenye baridi unayoisikia mkononi.

Kipimo hiki cha bidoni ni cha bure na kinasema ukweli kuliko mkono wa fundi. Klimatizeri inayotoa maji kwa wingi inafanya kazi. Klimatizeri ambayo haitoi hata tone wakati kuta za nyumba zinatoka jasho, hiyo ndiyo ya kuishuku.

Kupima bila kujidanganya

Namba iliyo kwenye telekomandi (rimoti) si joto la chumba. Ni amri uliyotoa. Ukiandika 18, mashine haitoi hewa ya nyuzi 18. Itapoza kwa kadiri inavyoweza mpaka kihisi chake kione kuwa chumba kimefika 18.

Unahitaji termomita yenye ncha ya chuma, ile ya kupimia nyama au maziwa inatosha. Ijaribu kwanza: jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza ncha kwa dakika mbili. Isome 0, au kosa la nyuzi 1. Usiijaribu kwa maji yanayochemka. Mji wetu uko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji huku yanachemka karibu na nyuzi 96, kwa hiyo utaitupa termomita nzima ukidhani ni mbovu. Bastola ya kupimia joto kwa mwanga haipimi hewa. Inapima kitu inachokiona, yaani plastiki. Kama huna nyingine, ning'iniza kipande cha karatasi kwenye mkondo wa hewa kwa dakika mbili kisha uelekeze bastola kwenye karatasi.

Funga milango na madirisha. Weka mashine kwenye baridi, amri nyuzi 16, feni ya juu, zima hali ya kubana matumizi na ile ya usingizi. Subiri dakika 20. Halafu pima mahali pawili: hewa inayoingia, juu ya kifaa cha ndani kwenye vile vipenyo, na hewa inayotoka, katikati ya mdomo, ncha ikiwa ndani ya mkondo bila kugusa plastiki wala radiata. Ondoa ya pili kwenye ya kwanza. Tofauti hiyo ndiyo tunayoitaka. Joto la mdomoni peke yake halisemi kitu: nyuzi 18 ni nzuri sana kama hewa inaingia na 29, na ni mbaya kama inaingia na 23.

Kosa linalorudiwa ni kupima mashine ya inverta wakati chumba kimeshapoa. Inverta ikikaribia amri yake inapunguza mwendo wa kompreseri (pampu inayozungusha gesi), na hewa ya mdomoni inapanda hadi 16 au 18 kwa makusudi. Ndiyo maana tunaweka amri ya 16 kabla ya kupima, ili ikimbie kwa nguvu zake zote.

Unyevu utaupima kwa kifaa kidogo cha saa na unyevu kinachouzwa madukani, au kwa njia ya zamani: funga ncha ya termomita kwa kitambaa chenye maji, ipepee kwa nguvu dakika mbili, soma. Chumba kikiwa na nyuzi 27 na kitambaa kikasoma pungufu kwa 7 au 8, unyevu ni karibu asilimia 50. Pungufu kwa 4, ni karibu 70. Pungufu kwa chini ya 3, umevuka 80.

Namba za kutegemea

Kwa hewa inayoingia na nyuzi 24 hadi 28, feni ya juu, mashine nzima:

Unyevu wa asilimia 35 hadi 40: tofauti ya nyuzi 12 au 13.
Asilimia 50: 10 au 11.
Asilimia 60: karibu 9.
Asilimia 70: 7 au 8.
Asilimia 80: 6 au 7.

Ruhusu nyuzi 2 juu au chini, maana kila kiwanda kina feni yake. Ukiweka feni ya chini, tofauti inaongezeka kwa nyuzi 2 au 3, kwa sababu hewa inakaa muda mrefu kwenye radiata. Pia hewa ya huku ni nyepesi, karibu asilimia 13 kuliko ya pwani. Feni inasukuma ujazo ule ule lakini kilo pungufu. Mdomoni hilo linaweza hata kuonekana kama baridi ya ziada kidogo, ila chumba hakipoi haraka zaidi.

Sasa tazama mfano. Februari, mnarudi nyumbani, sebule ina nyuzi 27 na unyevu wa 75. Hewa mdomoni ni 20. Mwenye nyumba anaona 20 na kushika simu. Angesubiri saa moja na milango imefungwa: chumba kingeshuka hadi 24 na unyevu hadi 55, na mdomoni angesoma 14. Gesi ni ile ile, fundi hakuja. Mashine ilikuwa inakunywa maji kwanza.

Tofauti ndogo, hewa inatoka kwa nguvu

Hapa ndipo penye sababu nyingi, na mpangilio wa kuzitafuta unaokoa pesa. Anza nje.

Kifaa cha nje kinatupa joto lote lililotolewa ndani. Radiata yake ikivaa vumbi la laterite kutoka barabara isiyo na lami, au masizi ya mbabula (jiko la makaa) inayowashwa chini yake kila jioni, joto halitoki. Mafuta ya kukaangia yakishika mapezi, vumbi linaganda kama rangi. Weka mkono mbele ya feni ya nje: hewa inayotoka inatakiwa iwe na joto zaidi ya hewa ya uani kwa nyuzi 8 hadi 12. Ikitoka kidogo lakini moto sana, radiata imeziba au feni inazunguka taratibu. Ikitoka nyingi bila joto lolote, kompreseri haifanyi kazi.

Kuosha: zima kwenye disjonkteri (swichi ya kukata umeme), si kwenye telekomandi. Fungua kifuniko, piga maji kutoka ndani kwenda nje, presha ya mpira wa bustani, si ya mashine ya kuoshea magari, ambayo inalaza mapezi. Masizi ya mafuta yanataka sabuni ya vyombo iliyolegezwa kwa maji na dakika 10 za kusubiri. Usimwage maji kwenye kisanduku cha nyaya. Ukiwa hapo angalia mijusi na sisimizi. Wanapenda joto la kontakta (swichi inayowasha kompreseri) na wakiungua kati ya ncha zake, umeme haupiti vizuri.

Kisha angalia kizimba. Watu wanafungia kifaa cha nje ndani ya chuma kwa ajili ya wezi, na wana haki. Lakini nondo zinapitisha hewa, bamba halipitishi. Tumeona vizimba vilivyozibwa mbele kwa bamba zima, mashine ikivuta tena joto ililotupa, na mwenye nyumba amebadilisha gesi mara tatu. Acha sentimita 15 hadi 30 nyuma, na mbele mita moja au zaidi iwe wazi.

Baada ya hapo ndipo uangalie kondansateri, kwa mashine isiyo ya inverta. Na hapa maneno yanagongana: kondenseri ni radiata ya nje, kondansateri ni lile kopo la aluminiamu linalosaidia moteri kuwaka. Ukimtuma kijana dukani, mwandikie kwenye karatasi, la sivyo atarudi mikono mitupu au na bei ya kutisha. Kwa BTU 12,000 kopo la kompreseri mara nyingi ni mikrofaradi 30 hadi 35, la feni ya nje 2 hadi 3.5, yote ya volti 450. Lakini fuata kilichoandikwa kwenye kopo la zamani. Likipima chini ya asilimia 90 ya namba yake, libadilishe, hata kama halijavimba. Kabla ya kugusa, unganisha ncha zake kwa taa ya zamani ya wati 60 au kinzani, kwa sababu linahifadhi umeme hata baada ya kuzima. Turnavisi pia inafanya kazi hiyo, ila inatoa cheche na kuharibu ncha.

Kopo la feni likichoka, feni inazunguka kwa unyonge, kompreseri inapata joto kali na kujizima baada ya dakika 15. Unasikia hewa baridi, halafu upepo mtupu, halafu baridi tena. Wengi wanasema «inachoka». Ndiyo, lakini dawa yake ni kopo dogo la bei ya chakula cha mchana.

Kurani ya umeme

Mashine nyingi zisizo za inverta zinataka volti 198 hadi 242. Mahali ambapo jioni, kila nyumba ikiwasha, volti zinashuka hadi 170, kompreseri inajaribu kuanza, inaguruma sekunde tano au kumi, inakata kwa tiki, inapumzika, inajaribu tena. Feni ya ndani inaendelea kuzunguka kama kawaida, ndiyo maana wa ndani ya nyumba wanaona tu «haipozi usiku». Pima volti wakati wa tatizo, si saa nne asubuhi fundi anapokuja, maana saa hiyo kila kitu ni kizima. Pima kwenye ncha za mashine huku kompreseri ikijaribu kuanza: kama kwenye mita ni 210 na kwenye mashine ni 180, waya wako ni mwembamba au kiungo kimelegea. Kwa BTU 12,000, waya wa mm² 2.5 ni wa chini kabisa, na usichangie na frigo.

Regilateri (kifaa cha kusawazisha volti) inasaidia ikiwa na ukubwa wa kutosha. Mashine ya aina hii inatembea na ampea 5 au 6, lakini kuanza kwake kunaweza kuvuta mara nne au tano ya hizo. Regilateri iliyoandikwa kilovolti-ampea 2 itapiga kelele na kukata, chukua 5. Iwe na ucheleweshaji wa dakika 3 hadi 5, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi papo hapo, presha ndani ya mirija haijasawazika na kompreseri inalazimishwa kuanza ikiwa imebanwa. Hivyo ndivyo kompreseri nyingi za mji huu zinavyokufa. Inverta zinastahimili zaidi, nyingi kuanzia volti 160, ila kadi yao ya umeme inaogopa volti zinazoruka juu zaidi kuliko zinazoshuka.

Tofauti kubwa mno, hewa inatoka kwa unyonge

Ukipata tofauti ya nyuzi 15 au zaidi na hewa inatoka kama pumzi ya mtoto aliyelala, usifurahi. Hewa haipiti. Filta zimejaa. Kiangazi zioshe kila wiki mbili, wakati wa mvua mara moja kwa mwezi inatosha.

Filta zikiwa safi na bado hewa ni dhaifu, chukua tochi uangalie ndani ya mdomo wa hewa, kwenye lile pipa jembamba linalozunguka. Visahani vyake vikiwa na uchafu mweusi unaofanana na manyoya, pipa halishiki hewa. Vumbi la miaka miwili na unyevu wa mvua vinatengeneza ukungu hapo, na ndiyo harufu ya soksi mbichi inayokuja dakika za kwanza. Kusafisha kunataka mfuko wa plastiki unaofungwa kuzunguka kifaa, brashi ndefu laini, maji ya sabuni, na saa mbili. Kunyunyizia manukato hakusaidii.

Angalia pia nafasi ya juu. Kifaa kilichobanwa kwenye plafo (dari), chini ya sentimita 10, kinavuta hewa yake kwa shida, na kama plafo ina mwanya, kinavuta joto la chini ya mabati. Hapo utakuta hewa inayoingia ina nyuzi 34 wakati katikati ya chumba ni 28.

Barafu, na inachosema

Zima, fungua kifuniko cha mbele, angalia barafu imekaa wapi kabla haijayeyuka. Piga picha, fundi akija itakuwa imekwisha.

Barafu iliyotanda radiata yote sawasawa ni hewa isiyopita: filta, pipa, au feni. Barafu iliyokaa mwanzo tu wa radiata, upande unapoingia mrija mwembamba, huku sehemu nyingine ikiwa kavu na vuguvugu, ni gesi pungufu. Nje utaona picha hiyo hiyo: mrija mwembamba una theluji kwenye valvu, na mrija mnene, ambao ungetakiwa uwe baridi na wenye jasho, ni mkavu. Bidoni la maji litakuwa tupu au karibu. Ampea nazo zitakuwa chini ya zilizoandikwa kwenye kibao. Dalili hizi nne zikikubaliana, hapo sasa neno «gesi» lina haki ya kutamkwa.

Usigonge barafu kwa kisu. Weka feni peke yake, saa moja hadi mbili, na taulo chini.

Ikiwa kweli ni gesi

Tundu kwanza. Asilimia kubwa ya matundu iko kwenye viungio vya nati, hasa pale shingo ya mrija ilipopanuliwa vibaya au kukazwa kwa nguvu za mkono tu. Nati ya robo inchi inataka niutoni-mita 15 hadi 18, ya tatu kwa nane 34 hadi 42. Doa la mafuta lililoshika vumbi kuzunguka nati ni ushahidi wa kutosha. Povu la sabuni linamaliza ubishi.

Kupima kwa presha ni kwa azoti (naitrojeni), bar 25 hadi 30. Mji huu una gereji za kuchomelea kila kona, na chupa ya oksijeni iko karibu kuliko ya azoti. Usiruhusu. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompreseri inalipuka, na fundi ndiye aliye karibu zaidi.

Halafu kuvuta hewa kwa pampu. Hapa kuna mtego wa mwinuko wetu: presha ya hewa huku ni karibu bar 0.87, hivyo manometa (kipimo cha presha) ya kawaida itaishia karibu na −0.87, au inchi 26 za zebaki, hata pampu ikiwa bora kabisa. Fundi aliyefundishwa kungoja inchi −30 atadhani pana tundu. Mwenye kipimo cha mikroni (kinachopima hewa iliyobaki ndani) ashuke chini ya 500, afunge, asubiri dakika 10. Ikipanda taratibu na kutulia ni unyevu, ikipanda bila kutulia ni tundu.

Gesi inaingizwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibao cha kifaa cha nje. Mrija ukizidi mita 5, mara nyingi gramu 15 hadi 20 kwa kila mita ya ziada kwa mashine hizi ndogo. Kitabu chake ndicho mwamuzi. Gesi ya aina ya R410A ni mchanganyiko, ingizwe ikiwa majimaji, chupa ikipinduliwa kama haina mrija wa ndani. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo sigara na mbabula vikae mbali. Kwa kumbukumbu tu: radiata ya ndani ikiwa na nyuzi 5, manometa huku itasoma karibu bar 5 kwa R22, na 8.5 hivi kwa R410A na R32. Anayejaza siku ya mvua mpaka mdomo usome 12 huku unyevu ni 80 atazidisha, na Oktoba presha itapanda hadi mashine ijikate. Gesi iliyozidi inafanana sana na gesi pungufu kwa mtu anayepima kwa mkono: zote mbili hazipozi.

Mashine iliyojazwa sawasawa lakini mrija mnene hauna baridi, ampea ziko chini, presha ya kuvuta iko juu na ya kusukuma iko chini, valvu za ndani ya kompreseri zimechoka. Hapo piga hesabu ya mashine mpya.

Tofauti ni sawa, chumba hakipoi

Mashine haina kosa. Kwa chumba chenye plafo hesabu karibu BTU 600 kwa mita ya mraba. Kwa chumba kilicho moja kwa moja chini ya mabati, 800 au zaidi. Sebule ya mita 30 chini ya mabati, na mlango unaofunguliwa na watoto kila dakika, haitapozwa na BTU 9,000 hata ukimwaga gesi ya mji mzima. Kila mlango ukifunguliwa siku ya mvua, hewa inayoingia inaleta maji mapya ya kukausha. Kufungua dirisha «ili hewa ibadilike» huku mashine inafanya kazi ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

Lakini kuna jambo moja hatuchezi nalo: klimatizeri hailetei chumba hewa mpya, inazungusha ile ile. Mbabula au jenereta isiingie ndani wala kukaa chini ya dirisha kwa sababu eti chumba kina klima. Sumu ya makaa haina harufu.

Chumba chenye baridi lakini shuka zinaonekana mbichi ni kinyume chake: mashine kubwa mno. Inafika amri kwa dakika tano, inajizima kabla ya kukausha. Weka feni ya chini au hali ya kukausha, na amri ya 25.

Moshi mweupe, matone, na mashine inayozima mapema

Ukungu mweupe unaotoka mdomoni dakika za kwanza siku ya mvua si gesi wala moto. Ni hewa baridi kukutana na hewa nzito ya chumba, na unaisha unyevu ukishuka. Matone kwenye visahani vya plastiki yanatokea hivyo hivyo; vinyooshe viangalie mbele, si chini kabisa, na ongeza feni. Maji yanayotiririka ukutani ni jambo jingine: mrija wa maji umeziba kwa utelezi wa ukungu au hauna mteremko. Unataka sentimita moja kwa kila mita, bila tumbo katikati, na mdomo wake usizame ndani ya ndoo. Uvute kutoka nje kwa pampu ya mkono. Kupuliza kwa mdomo kunarudisha uchafu kwenye sinia.

Mashine inayozima kompreseri chumba kikiwa bado na nyuzi 28 na amri ni 20, huku kila kitu kingine ni kizima, mshuku kihisi kidogo kilicho mbele ya radiata ya ndani. Kimechomoka na kugusa chuma baridi, kwa hiyo kinaamini chumba kimepoa. Kirudishe kwenye kishikio chake. Kama kiko mahali pake, kichomoe kwenye kadi upime kwa multimetri: vingi vinasoma kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25, vingine 5 au 20, na vikishikwa mkononi namba inashuka taratibu bila kurukaruka. Kinachorukaruka kibadilishwe kwa chenye namba ile ile, na waya wake upitishwe mbali na nyaya za feni.